Bili ya Wakili Bila Mkataba: Isome, Ihesabu, Uulize

Somo letu la leo ni juu ya bili ya wakili. Wengi wetu vijijini hukutana na wakili mara moja au mbili tu maishani. Labda ni kesi ya mpaka wa shamba, au urithi wa marehemu baba, au fidia ya mtoto aliyegongwa na gari. Siku hiyo ya kwanza mtu ana wasiwasi na kesi yake, wala hakumbuki kuuliza bei. Na akiuliza, mara nyingi huambiwa, "Lete kidogo ya kuanzia, mengine tutaelewana." Hakuna kinachoandikwa. Kesi inakwisha, na bili inakuja. Sasa hapo ndipo kuelewana kunapokosekana.

Wako watu wanaosema, "Mimi sikutia sahihi mahali popote, kwa hivyo silipi hata senti." Wako na wengine ambao wakiona barua ya wakili yenye muhuri, huingiwa na hofu. Wanauza ng'ombe wa maziwa mara moja wakalipe, bila ya kuuliza neno. Wote wawili wamekosea njia. Wa kwanza atashtakiwa. Wa pili huenda amelipa pesa ambazo hakuwa anadaiwa.

Njia ya haki iko katikati yao, na sisi hapa Kenya tunayo katika sheria. Tuifuate hatua kwa hatua.

SHERIA INASEMA NINI?

Sheria yenyewe huitwa Sheria ya Mawakili, Sura ya 16 ya Sheria za Kenya. Pamoja nayo kuna Kanuni za Malipo ya Mawakili. Kanuni hizo zilianza mwaka 1962, na viwango vyake vikapandishwa mwaka 2014. Ndani yake mna majedwali yanayoonyesha ada ya kila aina ya kazi: kuuza shamba, kesi ya Mahakama Kuu, kesi ya mahakama ya hakimu, na nyinginezo.

Mteja na wakili wanaweza kuandikiana mkataba wa malipo. Lakini mkataba huo ni lazima uwe wa maandishi, na mteja awe ametia sahihi. Maneno ya mdomo hayatoshi.

Haya, na kama hakuna mkataba wa maandishi? Hapo bei haiwi ile anayoitaka wakili. Wala haiwi ile anayoitaka mteja. Bei inarudi kwenye Kanuni. Wakibishana, anayepima ni msajili wa Mahakama Kuu, au naibu wake. Kazi hiyo ya kupima tutaiita "kukadiria gharama". Mahakamani utasikia ikitajwa kwa neno la Kiingereza linalofanana na neno la kodi. Usishtuke. Hakuna kodi hapo. Ni kupima tu kama bili inalingana na kazi iliyofanywa.

Kwa hivyo shika jambo hili moja: kukosa mkataba wa maandishi si kukosa deni, na pia si kukosa haki ya kuuliza.

HATUA YA KWANZA: SOMA BILI

Bili nyingi za kwanza huwa fupi sana. Utaona mstari mmoja tu: "Kazi ya kesi ya shamba, shilingi kadhaa, lipa kwa siku 7." Bili ya namna hii haikuambii kitu. Sheria inamruhusu wakili kukutumia bili ya jumla hivyo, lakini mbele ya msajili bili hutakiwa iwe na orodha kamili. Orodha hiyo ina safu 5:

Safu ya 1: tarehe ambayo kazi ilifanywa.
Safu ya 2: nambari ya kila kazi, 1, 2, 3 na kuendelea.
Safu ya 3: maelezo ya kazi yenyewe.
Safu ya 4: ada anayodai wakili kwa kazi hiyo.
Safu ya 5: pesa ambazo msajili anazikata.

Tazama hiyo safu ya 5. Kanuni zenyewe zimeacha nafasi ya kupunguza. Anayeuliza hamtukani wakili. Anafanya jambo ambalo sheria imeliwekea nafasi kwenye karatasi.

Chini ya orodha hiyo huandikwa gharama ambazo wakili alizitoa mfukoni kwa ajili yako, kama vile ada ya kufungua kesi. Hizo si mshahara wake. Zinaandikwa mbali, na msajili akitaka risiti zake, ni lazima zionyeshwe.

Ukiisoma bili, jiulize: Je, tarehe hii kweli tulikuwa kortini, au kesi iliahirishwa? Je, kazi hii imeandikwa mara mbili? Je, pesa nilizokwisha kulipa zimeonyeshwa? Je, kuna kazi hapa ambayo sikumtuma aifanye?

HATUA YA PILI: PIGA HESABU

Tuchukue mfano wa kujifunzia. Mkulima mmoja alikuwa na kesi ya mpaka katika mahakama ya hakimu. Hakuandikiana mkataba na wakili. Siku ya kwanza alilipa shilingi 15,000, akapewa risiti. Baadaye alituma shilingi 20,000 kwa M-Pesa. Tena siku moja nje ya korti alimpa karani shilingi 10,000 mkononi, bila risiti. Kesi ilipokwisha alipata bili ya shilingi 180,000. Bili haikutaja hata senti moja aliyokwisha kulipa.

Tuhesabu:

Bili: 180,000
Toa pesa zenye risiti: 15,000
Toa pesa za M-Pesa: 20,000
Baki: 145,000

Unaona? Hata kabla ya kubishana juu ya bei, bili imeshuka kwa shilingi 35,000. Ni karatasi moja na ujumbe mmoja wa simu vilivyoishusha. Na zile 10,000 za mkononi je? Hizo atazitaja pia, na kama kuna mtu aliyeona, amtaje. Lakini karani akikana, itakuwa ni neno la huyu na neno la yule. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Basi usiufute ujumbe wa M-Pesa. Simu inaweza kuibwa au kuingia maji, kwa hivyo nakili ujumbe wote katika daftari: tarehe, kiasi, jina la aliyepokea, na ile nambari ya herufi na tarakimu.

HATUA YA TATU: ANDIKA BARUA

Ukienda ofisini ukaongea tu, maneno yataishia mlangoni. Andika barua fupi, yenye heshima. Unaweza kuiandika kwa Kiswahili. Huu hapa mfano:

Tarehe ............

Kwa Wakili ............

Bwana (au Bibi) Wakili,

KUHUSU: BILI YAKO YA TAREHE ............

Nimepokea bili yako ya shilingi ............ kwa kazi ya kesi nambari ............ Nakushukuru kwa kazi uliyonifanyia.

Hatukuandikiana mkataba wa malipo. Kwa hivyo naomba unipatie orodha kamili inayoonyesha tarehe, kila kazi, ada yake, na gharama ulizotoa pamoja na nakala za risiti.

Nimekwisha kulipa pesa zifuatazo: ............ Naomba zionyeshwe katika bili.

Sikatai kulipa ada ya haki. Tusipoelewana, naomba bili ikadiriwe na msajili.

Wako,
............ (jina na sahihi)

Tengeneza nakala. Ukiipeleka kwa mkono, mwombe karani agonge muhuri na kuandika tarehe kwenye nakala yako. Karani akisema, "Mzee, we iache tu hapo mezani," mjibu kwa upole, "Sawa, mwanangu, lakini nigongee muhuri kwanza. Nimetoka mbali." Huo muhuri ndio ushahidi wako.

Mara nyingi mambo huishia hapa. Wakili anatoa orodha, mnaketi, mnaelewana. Mkielewana kiasi, kiandikwe. Lakini kabla hujatia sahihi, soma hadhari zetu huko chini.

HATUA YA NNE: KWENDA KWA MSAJILI

Msipoelewana, mmoja wenu anaweza kumwomba msajili akadirie bili. Si wakili peke yake anayeweza kuomba. Hata mteja anaweza. Tena haihitajiwi kesi iwe imefunguliwa kwanza. Iko ada ya mahakama ya kulipa, kwa hivyo uliza kwa makarani wa korti kabla ya kusafiri na nauli tupu.

Siku ikifika, pande zote mbili huitwa. Wakili anaeleza kila kazi. Nawe unasema ni nambari gani unazozipinga na kwa nini. Usiseme tu, "Pesa ni nyingi." Sema, "Nambari 7 siikubali, kwa sababu siku hiyo hakimu hakukaa." Maneno ya namna hiyo ndiyo yenye uzito.

Msajili huangalia majedwali, huangalia kazi ilikuwa ngumu kiasi gani, na mali iliyobishaniwa ni ya thamani gani. Mwaka 1972 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, katika kesi ya Premchand Raichand, ilieleza kwamba gharama zisiachwe zikapanda mpaka korti ikawa ya matajiri peke yao. Mahakama hiyo hiyo ikasema pia kwamba malipo yawe ya kutosha ili watu wafaao wazidi kuingia katika kazi ya uwakili. Mpaka leo mahakama zetu huitaja kesi hiyo. Kwa hivyo msajili hakai pale kumkomoa wakili, wala kumkomoa mteja.

Akimaliza, msajili hutoa cheti chenye kiasi cha pesa. Usiporidhika, una siku 14 tangu uamuzi kumwandikia msajili ukitaja nambari unazozipinga. Atakupa sababu zake. Ukishazipata sababu, una siku 14 nyingine za kupeleka jambo hilo kwa jaji. Siku hizo zikipita bure, cheti hubaki kilivyo. Ziandike kwenye kalenda ukutani.

NA KAMA WAKILI AMEKWISHA KUSHTAKI?

Wakili haruhusiwi kukushtaki juu ya ada yake siku ile ile aliyokupa bili. Ni lazima akupe bili aliyoitia sahihi, au aitume kwa posta ya rejista, kisha upite mwezi mmoja. Barua ikisema "siku 7", ni maneno ya kukuhimiza tu. Sheria imempa mteja mwezi. Utumie mwezi huo kuandika barua, si kulala.

Ukipata samansi, ijibu katika siku zilizoandikwa humo. Katika utetezi wako eleza kwamba hapakuwa na mkataba wa maandishi, na kwamba unapinga kiasi kinachodaiwa. Ukifanya hivyo, korti haiwezi kumpa wakili hukumu mpaka gharama zikadiriwe na msajili, isipokuwa ninyi wawili mmekubaliana. Na kama bili yake haikuwa na orodha kamili, ni lazima ailete katika siku 14 tangu apate utetezi wako.

Lakini ukinyamaza, kinga hiyo huipati. Hukumu inatoka, na baada ya hukumu ni dalali wa mahakama mlangoni. Ng'ombe uliyekuwa unamlinda ndiye anayekwenda.

HADHARI TANO

Kwanza, angalia unachotia sahihi. Sheria inaruhusu mkataba wa malipo uandikwe kabla ya kesi, wakati wa kesi, au hata baada ya kesi kwisha. Na bili yenye mkataba halali haikadiriwi na msajili. Maana yake ni hii: ukibishana na wakili, kisha ukaletewa karatasi "ya kumaliza mambo" ukatia sahihi au kidole gumba bila kuisoma, huenda umeufunga mlango wa msajili kwa mkono wako mwenyewe. Uko mlango mwingine wa kumwomba jaji avunje mkataba unaodhulumu, lakini ni safari ndefu. Kwa hivyo ichukue karatasi nyumbani. Isome. Usipoielewa, mpe mtu unayemwamini akusomee. Tulijifunza kusoma kwa ajili ya siku kama hiyo.

Pili, bili inaweza kupanda. Hili watu wengi hawaambiwi. Ukimwita wakili mbele ya msajili kwa bili ya jumla, wakili hupewa nafasi ya kuleta orodha kamili, na orodha hiyo inaweza kuwa na pesa nyingi kuliko ile bili ya kwanza. Hafungwi na kiasi cha kwanza. Tena ukisema, "Aliniambia kwa mdomo ni elfu 30 tu," huenda isikusaidie, maana sheria inamkataza wakili kutoza chini ya kiwango cha Kanuni. Kwa hivyo kabla ya kwenda, jua kwanza kiwango chenyewe. Kanuni zimo katika tovuti ya Kenya Law, zimeandikwa kwa Kiingereza. Mwombe mwalimu au kijana wako akusomee jedwali linalohusu kesi yako. Bili ikiwa karibu na jedwali, ni afadhali kuomba kulipa kidogo kidogo. Ikiwa mbali sana na jedwali, hapo nenda.

Tatu, riba. Mwezi mmoja ukiisha tangu upewe bili, wakili anaweza kudai riba ya asilimia 14 kwa mwaka. Kwa deni la shilingi 100,000 hiyo ni shilingi 14,000 kila mwaka. Basi kama kuna sehemu ya bili ambayo huna ubishi nayo, ilipe, uchukue risiti iliyoandikwa "sehemu ya malipo".

Nne, "tukishinda tutagawana". Katika kesi za fidia husikika sana: usilipe sasa, tukishindwa hunidai wala sikudai, tukishinda nachukua sehemu yangu. Sheria ya Mawakili haiutambui mkataba wa kulipwa kwa kushinda tu. Usiutegemee, na usikubali nusu ya fidia ya mtoto ikatwe kwa maneno hayo.

Tano, nenda ukiitwa. Notisi ya msajili ikifika nawe usihudhurie, bili inaweza kukadiriwa bila wewe.

BEI NA TABIA NI MAMBO MAWILI

Msajili anapima bei. Hapimi tabia. Kama wakili amepokea fidia yako akakaa nayo kimya, au alichukua pesa na hakufanya kazi, hilo ni lalamiko la namna nyingine. Iko ofisi ya serikali inayoitwa Tume ya Malalamiko Dhidi ya Mawakili, nayo inaweza kulipeleka jambo mbele ya Mahakama ya Nidhamu ya Mawakili. Peleka nakala za karatasi zako, si zile zenyewe. Na ukiwa unakana kabisa kwamba ulimwajiri wakili huyo, lieleze hilo mapema, kwa sababu ni swali la jaji na si la hesabu ya msajili.

Kwa mtu asiye na uwezo, iko pia Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa na sheria ya mwaka 2016.

SAFARI IJAYO

Ukienda kwa wakili tena, uliza mambo manne kabla ya kutoa shilingi: Ada ni kiasi gani? Ni ya kazi ipi mpaka ipi? Gharama za korti zimo au haziko? Nitalipa lini na lini? Majibu yaandikwe, nyote wawili mtie sahihi, nawe ubaki na nakala. Wakili mwema hatakasirika, kwa kuwa karatasi hiyo inamlinda yeye pia. Kuuliza si ujinga.

MANENO YA KUKUMBUKA

Kukadiria gharama: kupima bili ya wakili mbele ya msajili.
Msajili: afisa wa Mahakama Kuu anayekadiria bili.
Jedwali: orodha ya viwango vya ada katika Kanuni.
Cheti: karatasi ya msajili yenye kiasi cha kulipwa.
Utetezi: jibu la maandishi la mtu aliyeshtakiwa.

MASWALI YA KUJADILIANA DARASANI

1. Mteja asiye na mkataba wa maandishi anadaiwa kwa kufuata kiwango gani?
2. Bili ni shilingi 96,000. Mteja ana risiti za shilingi 12,000 na 18,500. Kabla ya kubishana juu ya bei, imebaki kiasi gani?
3. Kwa nini ni hatari kutia sahihi karatasi "ya kumaliza mambo" bila kuisoma?
4. Wakili alikupa bili iliyotiwa sahihi tarehe 3 Machi. Je, anaweza kukushtaki tarehe 20 Machi? Eleza.
5. Kila mwanafunzi aandike barua ya kuomba orodha kamili. Mbadilishane barua, na kila mmoja aisome ya mwenzake kwa sauti.

Jibu la swali la 2: shilingi 65,500.